Went, did, was: nani anabeba wakati uliopita kwenye sentensi ya Kiingereza

Mswahili anayeanza Kiingereza kwa kawaida hashindwi kukariri kwamba "go" hugeuka "went". Orodha ya vitenzi hivyo ipo nyuma ya vitabu vingi vya sarufi, na watoto huiimba darasani mpaka inakaa kichwani. Kinachomwangusha ni kujua hiyo "went" aiweke wapi na wapi asiiweke. Ndiyo maana mtu anaweza kupata alama zote kwenye zoezi la kujaza jedwali, halafu kwenye insha akaandika "I did not went".

Tuanzie kwenye lugha tunayoijua. Katika "nilienda", wakati uliopita umebebwa na -li-. Ukikanusha unasema "sikwenda": -li- imeondoka, -ku- imeshika nafasi yake. Hakuna anayesema "sikulienda", kwa sababu alama moja inatosha. Kiingereza nacho hakipendi alama mbili kwa tendo moja. Kwa hiyo kila ukiandika sentensi ya jana, swali la kujiuliza ni moja: hapa nani ameubeba wakati uliopita?

Vitenzi kumi vya kuanza navyo

Vitabu vingi huanza na vitenzi vya -ed kwa kuwa vina kanuni. Sisi tungeshauri uanze na hivi, kwa sababu ndivyo utakavyovihitaji kila siku:

be – was, were
have – had
do – did
say – said
make – made
go – went
take – took
come – came
see – saw
get – got

Hivi ni kati ya vitenzi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza chote, na hakuna hata kimoja kinachofuata kanuni ya -ed. Si bahati mbaya. Neno linalotamkwa kila siku hubaki na umbo lake la zamani kwa sababu kila mtoto hulisikia mara nyingi kabla hajaanza kubuni lake. Vitenzi vinavyosikika mara chache ndivyo vilivyosahaulika umbo lake na kuingizwa kwenye kundi la -ed. Hata hiyo "went" ni ya kuazima: zamani ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", kilichokuwa pia na maana ya kwenda.

Kuna nafuu moja kubwa. Wakati uliopita hauhangaiki na nafsi. Ile -s inayosumbua kwenye "she goes" haipo tena: I went, you went, she went, they went. Kitenzi pekee kinachobadilika ni "be": "was" huenda na I, he, she na it, "were" huenda na you, we na they. "You" huchukua "were" hata ukiwa unaongea na mtu mmoja. Angalia tu kwamba "alikuja" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wakati Kiingereza kinakulazimisha uchague kati ya "he came" na "she came". Ukianza hadithi ya dada yako kwa "she", usije ukamaliza na "he".

Vitenzi vya -ed: kuandika na kutamka

Kinachoishia na e huongezwa d tu: live, lived. Kinachoishia na konsonanti ikifuatwa na y, hiyo y hugeuka i: carry, carried, study, studied. Irabu ikitangulia y, usiiguse: play, played.

Kitenzi kifupi chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudufu konsonanti: stop, stopped, plan, planned. Sababu yake ni usomaji. "Hoped" yenye p moja inatoka kwenye "hope", kutumaini. "Hopped" yenye p mbili inatoka kwenye "hop", kuruka kwa mguu mmoja. Ukiandika "stoped", msomaji atataka kuitamka kama "hoped". Herufi w na x hazirudufiwi kamwe: showed, fixed. Kitenzi kikiwa na silabi mbili, sikiliza mkazo: "visit" ina mkazo mwanzoni, kwa hiyo "visited", "prefer" ina mkazo mwishoni, kwa hiyo "preferred". Neno "travel" ni la pekee kidogo. Kwa tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo ya shule zetu, ni "travelled", na Wamarekani huandika "traveled". Chagua moja, usichanganye.

Kutamka ndiko kwenye kazi zaidi. Maneno mengi ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo ulimi wetu ukikutana na "walked" hutafuta irabu ya kumalizia: "wokedi". Neno hilo lina silabi moja tu, "wokt". Kanuni yake inakwenda kwa sauti, si kwa herufi:

Baada ya sauti kama p, k, f, s, sh na ch, -ed hutamkwa t. Helped ni "helpt", washed ni "wosht". Laughed ni "laft", maana ile gh husikika f.

Baada ya irabu na sauti zinazotetemesha koo, hutamkwa d. Played ni "pleid", lived ni "livd", called ni "kold". Weka kidole kooni utamke v, kisha f. Utausikia mtetemo kwenye ya kwanza tu.

Baada ya t na d peke yake ndipo inapoongezeka silabi. Wanted ni "wontid", needed ni "nidid". Nje ya hapo hakuna "-id".

Hili lina athari hata kwenye daftari. Kwa kuwa ile t ya "asked" haisikiki vizuri, wanaoandika kwa kufuata sikio huiacha kabisa: "Yesterday I ask him." Mtu wa namna hiyo anaijua kanuni vizuri, ila hajawahi kuisikia ile t.

Vikaidi: vipange kwa mlio

Vitenzi visivyofuata kanuni ni kama mia mbili hivi, lakini anayeanza anaweza kuishi vizuri na sitini. Usivikariri kwa mpangilio wa alfabeti, utachoka ukiwa bado kwenye herufi b. Vipange kwa mlio.

Kuna visivyobadilika kabisa: put, cut, hit, hurt, cost, let, shut. "Putted" na "costed" hazipo kwenye matumizi haya ya kila siku. "Read" nayo huandikwa vilevile, ila ikiwa ya jana hutamkwa "red".

Kuna vya i kwenda a: sing, sang, drink, drank, swim, swam, begin, began, sit, sat, give, gave. Kuna vya d kwenda t: send, sent; spend, spent; lend, lent; build, built. Kuna vya ee kufupishwa: sleep, slept, keep, kept, feel, felt, meet, met. Kuna vya -ew: know, knew, grow, grew, throw, threw, fly, flew. Na vya o: write, wrote; drive, drove; break, broke; speak, spoke; sell, sold; tell, told.

Kundi la kuogopwa ni la gh: buy, bought; bring, brought; think, thought; fight, fought; teach, taught; catch, caught. Hiyo gh haitamkwi hata kidogo. Katika kundi hili "bought" na "brought" huwachanganya watu sana, na tofauti ni r tu. Bring ina r, kwa hiyo brought ina r. Buy haina, kwa hiyo bought haina.

Jozi nyingine zinazohitaji jicho: "fell" ni nilianguka, "felt" ni nilihisi. "Found" ni nilipata au nilikuta, wakati "founded" ni nilianzisha, kama kuanzisha shule au kampuni. "Left" ni niliondoka, "lived" ni niliishi. Na kuazima: Kiswahili kinaweza kutumia neno moja kwa anayetoa na anayechukua, Kiingereza hakikubali. Aliniazima kitabu ni "he lent me a book". Niliazima kitabu kwake ni "I borrowed a book from him".

Kukanusha na kuuliza

Hapa ndipo alama mbili hujitokeza. Tazama:

Nilienda. – I went.
Sikwenda. – I didn't go.
Ulienda? – Did you go?
Ulienda wapi? – Where did you go?

"Did" ikishaingia, ndiyo iliyobeba wakati uliopita. Kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo: go, eat, see, understand. "I didn't understood" ni sawa na ile "sikulienda" yetu.

Kwa kuuliza, Kiswahili kinatosheka na kupandisha sauti au kuweka "je", na neno la kuulizia huweza kukaa mwisho. Tukihamisha mpangilio huo tunapata "You went where?" na "You ate what?" Kiingereza kinataka neno la kuulizia mbele, kisha did, kisha mtendaji, kisha kitenzi: "What did you eat?" Ukiuliza mtu alifanya nini, utahitaji do mbili kwenye sentensi moja: "What did you do?" Wengi huiacha ya mwisho wakidhani wamejirudia. Ya kwanza inabeba wakati, ya pili ndiyo kufanya kwenyewe.

Did haihitajiki unapomuuliza mtendaji mwenyewe. "Nani alikula chakula changu?" ni "Who ate my food?" Lakini "Ulimwona nani?" ni "Who did you see?" kwa sababu hapo mtendaji anajulikana, ni wewe. Kitenzi "be" nacho hakitaki did: "I wasn't sick", "Were you at home?"

Na majibu. Mtu akikuuliza "Hukwenda shuleni?", Kiswahili kinakuruhusu kujibu "Ndiyo, sikwenda", yaani unakubaliana na aliyeuliza. Kwa Kiingereza, jibu hufuata tukio. Kama hukwenda, ni "No, I didn't." Ukijibu "Yes", atakuelewa kwamba ulikwenda.

Alama mbili huingia pia kupitia "to". Katika "nilitaka kununua", -li- iko kwenye kutaka. Kununua hakuna wakati wowote. Vivyo hivyo "I wanted to buy", si "I wanted to bought". Baada ya could pia kitenzi hubaki kilivyo: "I could swim".

Was na mahali pake

Wengi wakishaijua "was" huitia kila mahali kana kwamba ndiyo -li-. "I was go", "I was eat". Was si -li-, ni "nilikuwa". Ukitaka kuandika was, jaribu kuweka "nilikuwa" kwenye sentensi ya Kiswahili. "Nilikuwa mwalimu" ni "I was a teacher". "Nilikuwa nasoma" ni "I was reading", na kitenzi lazima kipate -ing. "Nilienda" haina nilikuwa, kwa hiyo haina was.

Jaribio hilo lina mianya miwili. Wa kwanza ni "nilikuwa na". Hiyo ni kumiliki, na Kiingereza hutumia had: nilikuwa na baiskeli, "I had a bicycle". "I was with a bicycle" itamfanya msikilizaji adhani mlikuwa mmesimama pamoja. Kukanusha ni "I didn't have a bicycle". Na "kulikuwa na" ni "there was" kwa kitu kimoja, "there were" kwa vingi.

Wa pili ni vitenzi vya hali. Kiswahili kina kitenzi kamili pale ambapo Kiingereza kina was na neno la kueleza sifa. Nilichelewa, "I was late". Nilichoka, "I was tired". Nilifurahi, "I was happy". Nilikasirika, "I was angry". Niliogopa, "I was afraid". Niliugua, "I was sick". Nilisikia njaa, "I was hungry". Nilizaliwa mwaka 1998, "I was born in 1998". Hivi vikariri kama vilivyo, maana ukifuata -li- peke yake utaandika "I lated" au "I tired".

Tatizo la -ka-

Tukitafuta kosa linaloharibu insha nyingi za wanaoanza, kura yetu inakwenda kwa -ka-. Msimuliaji wa Kiswahili hutaja wakati mara moja, kisha -ka- huburuta yaliyobaki:

Nilienda sokoni, nikanunua nyanya, nikarudi nyumbani, nikapika.

Akiihamisha bila kufikiri, anaandika: "I went to the market, buy tomatoes, come back home and cook." Went ipo, na kichwani mwake wakati umeshatajwa, yaliyobaki yanajulikana. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi hujibebea: "I went to the market, bought tomatoes, came back home and cooked." Unaruhusiwa kuiacha "I" isijirudie, lakini wakati huwezi kuuacha. Ukikagua insha yako, kila mahali ambapo Kiswahili kingekuwa na -ka-, weka kalamu hapo uangalie tena.

Ndugu yake ni -po-. "Nilipofika" ni neno moja, Kiingereza kinataka "when" na kitenzi cha wakati uliopita: "when I arrived". Na kuna "kabla". Kiswahili husema "kabla hajafika, tulikula", kwa kukanusha. Kiingereza hakikanushi hapo: "Before he arrived, we ate." Ukitia "not" umegeuza maana.

Nimekula au nilikula

Katika mazungumzo tunasema bila shida "nimemwona jana". Kwa Kiingereza "I have seen him yesterday" ni kosa: ukishataja muda uliokwisha, kama jana, wiki iliyopita, mwaka 2015 au saa fulani, have inaondoka. "I saw him yesterday." Bila muda, ukiwa unazungumzia hali ya sasa, -me- hubaki have: "Umekula?" ni "Have you eaten?"

Kwa kukanusha tuna msaada wa bure kutoka Kiswahili. "Siku-" ni didn't, "sija-" ni haven't. Sikula, "I didn't eat". Sijala, "I haven't eaten". Mgawanyo huo unafanya kazi mara nyingi mno, utumie.

Maneno ya muda nayo yana mitego yake. Jana usiku ni "last night", leo asubuhi ni "this morning", si "today morning". Siku tatu zilizopita ni "three days ago", na "ago" hukaa nyuma ya hesabu daima. Mwaka jana ni "last year", bila "in" mbele yake. Na saa: Mswahili huhesabu kuanzia mapambazuko, Mwingereza kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Niliamka saa kumi na mbili asubuhi ni "I woke up at six". Tofauti ni saa sita, hesabu kabla ya kuandika.

Aya moja ya kusahihisha

Aya kama hii ni ya kawaida kwa kidato cha kwanza, mwezi wa kwanza ambao mwanafunzi wa Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anakutana na masomo kwa Kiingereza:

"Yesterday I was wake up at twelve. I have drink tea and go to school. The teacher ask us a question but I did not understood. When we finish, I was hunger and I wanted to went home."

Pitia kitenzi kimoja kimoja. "Was wake up": niliamka, hakuna nilikuwa, kwa hiyo woke up, na twelve inakuwa six. "Have drink": kuna yesterday juu, have inaondoka, drank. "Go": hapo Kiswahili kingekuwa na nikaenda, went. "Ask": sikio limekosa t, asked. "Did not understood": alama mbili, understand. "Finish": tulipomaliza, finished. "Was hunger": was ni sahihi, lakini hunger ni njaa yenyewe, sifa yake ni hungry. "To went": to haibebi wakati, go.

"Yesterday I woke up at six. I drank tea and went to school. The teacher asked us a question but I did not understand. When we finished, I was hungry and I wanted to go home."

Kufanya mazoezi

Chukua vitenzi sita kwa siku, visizidi. Kwa kila kimoja andika sentensi tatu kuhusu siku yako: ya kukubali, ya kukanusha na ya kuuliza. Kitenzi kilichoandikwa kwenye jedwali tu kitakupotea ukikihitaji, lakini kilichopita kwenye "I bought", "I didn't buy" na "Did you buy" kimeshaonyesha kinavyojigeuza. Zisome kwa sauti, ukizuia ulimi usiongeze irabu mwishoni.

Mara moja kwa wiki andika aya ya mistari kama kumi kuhusu jambo lililopita, uiache mpaka kesho yake. Kisha izungushie duara kila kitenzi. Penye did, to au could, kitenzi kinachofuata kiwe hakijabadilika. Penye was au were, angalia kinachofuata kama ni jina, sifa, mahali au -ing. "Was born" uiache ilivyo. Duara zilizobaki zote, kila moja peke yake, ziwe na umbo la jana.